Kipimo cha maendeleo katika shule maalum za Mombasa bado kitendawili

KILA muhula unapofungwa, wazazi wenye watoto katika shule na vitengo vya elimu maalum huko Likoni, Kisauni na Changamwe hukabidhiwa ripoti kama wazazi wengine wote nchini. Ripoti hiyo huandikwa kwa maneno yale yale manne ya mtaala wa umilisi: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio na mbali na matarajio.

Kwa mzazi ambaye mwanawe ana ulemavu wa akili, neno la nne huweza kurudi muhula baada ya muhula na mwaka baada ya mwaka, hata likawa kama jina la pili la mtoto. Ilhali katika kipindi hicho hicho mtoto huyo huenda amejifunza kwenda msalani bila kusaidiwa, amejua kuomba maji kwa ishara na ameacha kutoroka darasani. Endapo mwalimu hakupewa mahali pa kuyaandika mambo hayo, ni kana kwamba hayakutokea.

Swali linalozuka ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu. Matarajio hayo ni ya nani, na yaliwekwa kwa kumtazama mtoto yupi?

Wapo watakaosema kwamba suala hili ni la wataalamu wa mitaala na kwamba mzazi hana haja ya kujisumbua nalo. Sivyo. Kipimo ndicho kinachoamua kama mtoto atapanda ngazi, kama atahamishiwa shule nyingine, kama mwalimu ataendelea kushughulika naye au atamwacha akae pembeni achezee vifuniko vya chupa. Aidha, kipimo ndicho kinachomfanya mzazi wa Mtongwe au Mishomoroni aamue kama nauli na shida ya kumbeba mtoto kila asubuhi vina maana yoyote, au ni afadhali abaki nyumbani na nyanyake.

Bara ya Mombasa ni mahali pazuri pa kulitazamia suala hili kwa sababu inakusanya karibu kila aina ya elimu maalum inayopatikana nchini. Ng'ambo ya kivuko cha Likoni ipo Shule ya Wasioona ya Likoni, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu, ambayo hulaza na kufunza watoto kutoka sehemu nyingi za Pwani. Upande wa magharibi, katika eneobunge la Changamwe, ipo Shule ya Walemavu wa Viungo ya Port Reitz. Kisauni nako, kama ilivyo katika maeneo mengi ya nchi, mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji huenda akajikuta katika kitengo maalum kilichomegwa ndani ya shule ya msingi ya kawaida, chumba kimoja au viwili mwishoni mwa ua.

Watoto hawa wote huitwa kwa jina moja, wenye mahitaji maalum, na jina hilo ndilo chanzo cha utata mwingi. Kumpima mtoto asiyeona na kumpima mtoto mwenye ulemavu wa akili ni kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Anayezichanganya huwadhulumu wote wawili: wa kwanza humshushia kiwango ambacho angeweza kukifikia, na wa pili humwekea kiwango ambacho hata juhudi za miaka kumi hazitamfikisha.

Vidole havisomi kama macho

Mtoto asiyeona hana upungufu wa akili. Anachohitaji ni njia nyingine ya kuifikia habari ile ile anayopewa mwenzake anayeona. Kwa hivyo haki yake ni kupimwa kwa kiwango kile kile cha taifa, na kumhurumia kwa kumpa mtihani mwepesi ni kumwibia mustakabali wake.

Hata hivyo, kiwango kimoja hakina maana ya karatasi moja. Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) limekuwa likiandaa karatasi za breli kwa wasioona na maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na watahiniwa wenye mahitaji maalum huongezewa nusu saa katika mtihani. Hayo ni mafanikio ambayo hayafai kudharauliwa. Lakini anayedhani kwamba yanatosha hajawahi kumtazama mtoto akisoma kwa vidole.

Jicho huudaka mstari mzima kwa kupepesa mara chache. Kidole hupita juu ya herufi moja baada ya nyingine, kila herufi ikiwa na nukta zisizozidi sita, na akili ndiyo inayoziunganisha kuwa neno. Mtahiniwa anayeona akisahau lililosemwa katika aya ya pili hurusha macho juu na kulipata. Asiyeona sharti arudi nyuma kwa mkono, aitafute aya, kisha alitafute neno. Anaposhindwa kumaliza, alama anazozipoteza hazisemi lolote kuhusu ufahamu wake wa habari. Zinasema tu kwamba saa ilikwisha.

Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka wa 2015 kwa ajili ya kuinua kiwango cha kusoma katika madarasa ya chini, ulitumia vigezo vya kasi: mtoto alihesabiwa kuwa msomaji fasaha akisoma maneno 65 kwa dakika katika Kiingereza, na 45 katika Kiswahili. Tofauti hiyo kati ya lugha mbili ina sababu yake. Neno moja la Kiswahili kama "nitakupikia" linabeba mambo ambayo Mwingereza huyatamka kwa maneno matano, na wataalamu walikubali kwamba si haki kuhesabu neno hilo sawa na neno fupi la Kiingereza. Kama tofauti ya lugha ilitosha kubadilisha kigezo, basi tofauti ya jicho na kidole nayo inastahili kigezo chake. Mtoto wa breli akilinganishwa na saa ya mtoto anayeona ataandikwa kuwa msomaji dhaifu hata kama kila neno amelisoma sawasawa.

Kuna jambo jingine ambalo wasiojua breli hawalifikirii. Breli ya Kiingereza inayotumiwa na wasomaji waliokomaa ina vifupisho vingi. Neno "knowledge" huandikwa kwa herufi moja tu, k. Neno "receive" huandikwa r, c, v. Mwanafunzi anayeyaandika hivyo ameandika sahihi kabisa, lakini mwalimu hawezi kujua kama anazifahamu herufi zote za neno lenyewe. Siku atakapoketi mbele ya kompyuta na kutakiwa aandike barua ya kuomba kazi, ndipo itakapobainika. Mwalimu hodari hulijua hilo mapema na humpima mtoto kwa njia mbili, yenye vifupisho na isiyo na vifupisho. Hakuna mtihani wa kitaifa utakaomfanyia kazi hiyo.

Zaidi ya hayo ni michoro. Swali la sayansi linalomtaka mtahiniwa atazame picha ya ua na kutaja sehemu zake, au swali la ramani katika masomo ya jamii, hubadilishwa likawa maelezo au likaondolewa na kuwekewa jingine. Mara nyingine maelezo hayo hutoa jibu lenyewe, na mara nyingine huwa magumu kuliko swali la awali. Kwa vyovyote, kinachopimwa si kile kilichokusudiwa, na mwalimu anayelinganisha alama za Likoni na za shule jirani anapaswa kulikumbuka hilo kabla hajatoa hukumu.

Mkono mzito, akili nyepesi

Port Reitz inaleta sura nyingine ya tatizo hilo. Mwanafunzi mwenye mtindio wa ubongo huweza kuwa na akili timamu lakini mkono wake hautii amri, au ulimi wake hutoa maneno kwa taabu. Mtahini asiyemzoea humwona mzito wa kufikiri. Huo ni udanganyifu wa macho na masikio, na umewagharimu watoto wengi nafasi ya kusoma.

Kwa mtoto kama huyo, insha ya dakika 40 ni mtihani wa misuli kabla haujawa mtihani wa lugha. Dawa zake zinajulikana: mwandishi wa kumwandikia, kompyuta yenye kibodi iliyorekebishwa, muda zaidi, na maswali ya kujibu kwa mdomo inapowezekana. Ugumu unaobaki ni kwamba msaada huo mara nyingi huja siku ya mtihani wa kitaifa tu. Mtoto ambaye hakuwahi kumsomea mtu mawazo yake ili yaandikwe hawezi kuanza kufanya hivyo kwa ustadi mbele ya msimamizi. Kuimla insha ni ufundi wa peke yake, nao hutaka mazoezi ya miaka.

Aidha, kwa mwanafunzi wa viungo kuna maendeleo ambayo shule huyaona na karatasi za masomo haziyaoni. Kujivuta kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu, kula kwa kijiko kilichofungiwa mpini mnene, kwenda darasani bila kusukumwa: hayo ndiyo yatakayoamua kama ataweza kuingia sekondari ya kawaida na kuishi humo. Mkuu wa sekondari anayempokea huuliza alama zake. Angefaidika zaidi kuuliza kama anaweza kujihudumia usiku.

Kitengo cha mwisho wa ua

Katika vitengo vya ulemavu wa akili ndipo kitendawili kinapokuwa kigumu zaidi. Darasa moja huweza kuwa na mtoto wa miaka saba na kijana wa miaka 17, mmoja mwenye usonji asiyesema, mwingine mwenye dalili za Down anayeimba kutwa, na wa tatu mwenye kifafa ambaye kila mtukutiko humrudisha nyuma kwa yale aliyokwisha kuyajua. Mwalimu huwa mmoja, akibahatika huwa na msaidizi.

Kwa watoto hawa Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) ilitenga njia yao ndani ya mtaala wa umilisi, ile inayofuata hatua badala ya gredi. Mwanafunzi huanzia kiwango cha msingi, huingia kiwango cha kati, kisha kiwango cha maandalizi ya ufundi na hatimaye ufundi wenyewe. Anapanda kwa kuweza, si kwa kutimiza umri. KNEC nalo lina tathmini zake kwa njia hiyo, KILEA kwa kiwango cha kati na KPLEA kwa maandalizi ya ufundi. Kwa mara ya kwanza, mtoto mwenye ulemavu wa akili ana karatasi ya taifa yenye jina lake. Hiyo ni hatua kubwa ikilinganishwa na enzi za mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ambapo mtoto kama huyo alikaa shuleni miaka minane au zaidi na kuondoka bila kutajwa popote.

Lakini kati ya hatua moja na nyingine kuna bonde pana. Mtoto huweza kukaa miaka minne au mitano katika kiwango cha msingi, na tathmini ya taifa haina la kumwambia mzazi kuhusu miaka hiyo. Hapo ndipo panapohitajika mpango wa mtoto mmoja mmoja, unaoandikwa na mwalimu pamoja na mzazi, wenye malengo machache yanayoweza kuonekana kwa macho.

Chukulia lengo la kuvaa shati. Kwa anayeona juu juu, mtoto ama anavaa au havai. Mwalimu wa elimu maalum huligawanya: kulitambua shati na upande wake wa mbele, kuingiza mkono wa kwanza, kulivuta mgongoni, kuingiza mkono wa pili, kulinganisha mapindo, kufunga kifungo. Kwa kila sehemu huandika kama mtoto aliifanya kwa kushikwa mkono, kwa kuonyeshwa, kwa kuambiwa au kwa hiari yake. Mtoto aliyeshikwa mkono Januari na anayeambiwa tu Julai amepiga hatua kubwa, ingawa shati bado halijavaliwa.

Vivyo hivyo katika hesabu. Sarafu mpya zilizotolewa Desemba 2018 zimekuwa neema kwa walimu hawa kwa sababu kila moja ina mnyama wake: twiga kwa shilingi moja, kifaru kwa tano, simba kwa kumi, ndovu kwa ishirini. Mtoto asiyeweza kusoma tarakimu huweza kumjua simba. Basi hapo pana kipimo halisi. Je, anaitambua sarafu ya simba mezani kwa mwalimu? Anaitambua ikichanganywa na nyingine? Na la muhimu kuliko yote, anaitambua akiwa dukani Magogoni, muuza duka akiwa na haraka na watu wakiwa wamepanga foleni nyuma yake? Watoto wengi wenye ulemavu wa akili huweza jambo darasani na kulipoteza kabisa nje ya mlango. Ripoti inayosema kwamba mtoto anazijua sarafu bila kueleza alipimwa wapi ni nusu ya ukweli.

Kazi hiyo ya kuandika ni nzito. Mwalimu mwenye wanafunzi 15, kila mmoja akiwa na malengo manne yaliyogawanywa mara sita, ana mamia ya visanduku vya kujaza. Akivijaza vyote hana muda wa kufunza. Ndiyo maana katika shule nyingi nchini mipango hiyo huandikwa vizuri wakati wa ukaguzi na kulala kabatini muda uliobaki. Kumlaumu mwalimu kwa hilo ni kutafuta mchawi mahali pasipo na mchawi.

Alikoanzia hakujulikani

Maendeleo hupimwa kutoka mahali fulani hadi mahali fulani. Bila kujua mtoto alianzia wapi, hakuna ajuaye amefika wapi, na hilo ndilo kovu kongwe zaidi katika elimu maalum ya Kenya.

Vituo vya kutathmini watoto na kutoa nyenzo (EARC) vilianzishwa mwaka wa 1984 kwa msaada wa Denmark. Taasisi ya Elimu Maalum (KISE) ilifuata mwaka wa 1986 kwa ajili ya kuwaandaa walimu. Miaka kumi na saba baadaye, jopo lililoongozwa na Dkt Edward Kochung liliichunguza elimu maalum mwaka wa 2003, mwaka ule ule ambao elimu ya msingi bila malipo ilijaza madarasa kote nchini. Sera mpya ya wanafunzi wenye ulemavu ilitolewa mwaka wa 2018. Wino haukukosekana.

Lakini tathmini ya kituoni, kwa mazoea, hujibu swali moja tu: mtoto huyu apelekwe wapi? Hutaja aina ya ulemavu na kupendekeza shule. Mara chache huandika anachoweza kufanya siku hiyo, kwa msaada gani na kwa lugha ipi. Jambo la lugha halifai kupuuzwa Pwani. Mtoto wa Likoni aliyelelewa kwa Kidigo, akiulizwa kwa Kiingereza ataje rangi, atanyamaza, na kimya chake kitaandikwa kuwa ni ulemavu.

Mtoto akiisha kupokelewa shuleni, faili ya tathmini hupata vumbi. Sera nyingi duniani husisitiza kwamba mtoto atathminiwe upya kila baada ya muda, lakini kwa familia ya Shika Adabu au Bofu safari ya kwenda kutathminiwa ina maana ya kukodi tuktuk, kuteremka mteremko wa feri na kiti cha magurudumu katikati ya maelfu ya watu wanaokimbilia kazini, na kupoteza kibarua cha siku. Feri haimtozi nauli anayetembea kwa miguu, ila siku yenyewe ina gharama yake. Busara ingekuwa mtathmini ndiye avuke.

Takwimu za taifa zenyewe zinaonyesha jinsi kipimo kinavyoweza kuunda ukweli. Sensa ya 2009 ilisema asilimia 3.5 ya Wakenya wana ulemavu. Ile ya 2019 ikasema ni asilimia 2.2 ya walio na umri wa miaka mitano na zaidi. Hakuna aliyeponywa katika miaka hiyo kumi. Kilichobadilika ni maswali na umri wa waliohesabiwa. Utafiti wa KISE kuhusu watoto ulifika zaidi ya asilimia 11. Mtoto wa Chaani asiyesikia vyema anaweza kuwa mlemavu katika utafiti mmoja na asiwe mlemavu katika mwingine, bila yeye mwenyewe kujua.

Athari ya hesabu hizo ni fedha. Serikali hutoa mgao kwa kila mwanafunzi wa msingi, Sh1,420 kwa mwaka, na nyongeza kwa mwenye mahitaji maalum. Lakini mgao hufuata jina lililosajiliwa katika mfumo wa Wizara ya Elimu, na usajili huo umekuwa ukidai nambari ya cheti cha kuzaliwa. Katika familia nyingi za Pwani cheti hicho ni taabu kwa mtoto yeyote, sembuse mtoto mlemavu aliyefichwa nyumbani tangu azaliwe. Asiyesajiliwa halipiwi, na maendeleo yake hayahitajiki na yeyote.

Waliotangulia nao walijikwaa

Uingereza ilikuwa na ngazi maalum ya kuwapima watoto walio chini ya kiwango cha mtaala wa kawaida. Ngazi hiyo, iliyoanza mwaka wa 1998, ilikuwa na vidato vinane, P1 hadi P8. Ilipendwa kwa sababu iliwapa walimu lugha moja ya kuzungumzia watoto ambao awali hawakuzungumziwa. Baadaye mambo yakageuka. Ngazi ilianza kugawanywa vipande vidogo zaidi ili kila muhula uonyeshe mtoto amesonga, na shule zikafunza vipande hivyo badala ya kumfunza mtoto.

Jopo la mwalimu mkuu Diane Rochford lilipendekeza mwaka wa 2016 ngazi hiyo iondolewe. Kuanzia 2018 viwango vingine vilichukua nafasi yake, na kwa watoto wenye ulemavu mzito zaidi ulianzishwa mtindo unaotazama namna mtoto anavyoshiriki: anavyochunguza kitu kipya, anavyotambua, anavyotarajia kitakachofuata, anavyovumilia na anavyoanzisha jambo mwenyewe. Mwalimu haulizi mtoto amefika kidato gani. Anauliza kama leo aligeuza kichwa kabla ya kengele kulia, ilhali mwezi uliopita aligeuza baada yake.

Marekani ilipitia mahakamani. Sheria ya huko ya mwaka wa 1975 ililazimisha kila mtoto mlemavu awe na mpango wake wa maandishi. Kwa miaka mingi baadhi ya mahakama ziliridhika ikiwa mtoto alipata maendeleo yoyote yaliyozidi sifuri. Wazazi wa mtoto mmoja wa Colorado mwenye usonji, katika kesi ya Endrew F., walilalamika kwamba mpango wa mtoto wao ulinakiliwa karibu vile vile mwaka baada ya mwaka. Mahakama ya Juu ilikubaliana nao mwaka wa 2017, ikaamua kwamba maendeleo sharti yalingane na hali ya mtoto na malengo yawe na uzito wa kumsukuma mbele.

Kenya haina hukumu ya namna hiyo, lakini haijakosa msingi wa kuijengea. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, humpa mlemavu haki ya kufikia taasisi za elimu, na kifungu cha 7 kinaitaka Serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya na breli. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Haki ya kufikia shule imeandikwa mahali pengi. Haki ya kutoka shuleni ukiwa na kitu mkononi ndiyo haijasemwa waziwazi.

Fundisho la Uingereza lina uzito wa pekee kwa wakati huu. Tathmini ya KJSEA iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2025 ilitumia ngazi nane, zile nne za awali zikigawanywa mara mbili mbili, na matokeo ya mwanafunzi hukusanywa kwa asilimia: 60 za mtihani wenyewe, 20 za KPSEA ya Gredi ya 6, na 20 za tathmini za shuleni. Kwa mwanafunzi asiyeona au mlemavu wa viungo anayefuata mtaala wa kawaida, asilimia hizo za shuleni zinaweza kuwa mkombozi, kwani hupimwa na mwalimu anayemjua. Zinaweza pia kuwa mtego, endapo kazi yenyewe inahitaji kuchora, kupiga picha au kupanda kitanda cha mboga na hakuna aliyefikiria mbadala wake. Kwa aliye katika njia ya hatua, kishawishi kitakuwa kuigawanya ngazi yake pia iwe ndefu zaidi. Hilo ndilo hasa lililowashinda Waingereza.

Mtoto wa serikali mbili

Kuna mwanya mwingine ambao hauzungumzwi sana. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya mashinani viko chini ya kaunti, na elimu iliyo katikati ni ya Serikali ya Kitaifa. Mtoto mwenye ulemavu wa akili wa Kisauni huanza mikononi mwa Kaunti ya Mombasa, hukabidhiwa kwa Wizara ya Elimu kwa miaka kumi au zaidi, kisha anapofika kiwango cha ufundi huenda akarejea kwa kaunti akiwa kijana.

Katika kila makabidhiano hayo kinachosafiri ni jina na umri. Mwalimu wa ushonaji anayempokea kijana wa miaka 18 hajui kwamba ilimchukua miaka mitatu kushika mkasi, kwamba huelewa akionyeshwa na haelewi akiambiwa, na kwamba kelele ya mashine nyingi kwa pamoja humfanya azibe masikio na kuondoka. Yote hayo yalijulikana na mwalimu fulani, aliyehamishwa au kustaafu. Kijana anaanza upya kutoka sifuri, na baada ya miezi miwili anaambiwa hafai.

Faili moja inayomfuata mtoto kutoka chekechea hadi chuoni haihitaji sheria mpya wala mkopo kutoka ng'ambo. Inahitaji Wizara na kaunti zikubaliane kuhusu kurasa chache, na mwalimu apunguziwe visanduku ili aandike mambo matano yenye maana badala ya mia moja yasiyosomwa.

Kabla makubaliano hayo hayajapatikana, mzazi anayeitwa shuleni mwisho wa muhula anaweza kuanza kwa kudai aonyeshwe, si aambiwe, kile ambacho mwanawe hakuweza Januari na sasa anaweza. Akionyeshwa, aulize kama jambo hilo limewahi kujaribiwa nje ya darasa, dukani, jikoni au msikitini. Na ikiwa malengo ya muhula ujao ni yale yale ya muhula uliopita, neno kwa neno, ana kila sababu ya kukataa kutia sahihi hadi yaandikwe mengine.